Mashine ya Hewa na Koti Lenye Mikono Miwili ya Kushoto

Mshauri wetu, nakuja kwako na ombi la msaada, na kabla sijafika mbali unisamehe mwandiko, mimi ni fundi cherehani, mkono wangu umezoea chaki kuliko kalamu, lakini jambo hili nimelibeba wiki mbili sasa na mke wangu amesema kama siwezi kumsikiliza yeye basi nimsikilize mtu wa gazetini, nikamwambia sawa, nakushtaki kwake, naye akasema shtaki.

Nina miaka hamsini na mitatu, nashona makoti na suruali za wanaume katika duka ambalo tupo wawili tu, mimi na mwenzangu tunayemwita Mama Vifungo kwa sababu kazi yake ni matundu na vifungo, na kwa miaka mingi pale dukani jina langu lilikuwa Jenereta, maana nilikuwa napitiwa na usingizi kila mchana, kichwa juu ya meza ya kukatia, nakoroma hadi wapita njia wanauliza kama umeme umekatika. Nilicheka pamoja nao. Nilikuwa na kilo mia moja na kumi na nane na shingo ya sentimita arobaini na saba, nilijipima mwenyewe kwa futi yangu, na nikajua shati la kola hiyo haliuzwi popote, linashonwa. Nyumbani mke wangu alikuwa ananipiga mateke kitandani, mateke ya kweli, ya kisigino, mara tano, mara kumi kabla hakujakucha, nikawa nawaambia rafiki zangu kwamba nimemwoa beki wa timu ya taifa.

Mwaka jana nikasinzia nikiwa nimesimama, nampima mteja mabega, nikaangukia kifuani kwake kama mtu aliyekutana na ndugu aliyepotea, na kwa bahati mteja yule alikuwa muuguzi, hakukasirika, alinishika tu akasema, "Fundi, wewe hujachoka. Wewe hulali." Akanielekeza kliniki. Wakanifunga nyaya kichwani na kifuani nikalala kwao, na asubuhi daktari akanionyesha karatasi yenye mstari wa pumzi yangu, unapanda unashuka kama mshono wa mtu anayejua kazi, halafu unakatika, tambarare kabisa, halafu unaanza tena, halafu unakatika. Akasema pumzi yangu inakatika mara arobaini na moja kwa saa. Kwa saa, mshauri. Niliitazama karatasi ile nikaelewa kwamba miaka yote hiyo nilikuwa naondoka na kurudi, naondoka na kurudi, na asubuhi nakunywa chai nakwenda kazini kama mtu aliyelala.

Wakanipa mashine, ndogo kama kasha la viatu, ina bomba na barakoa ya kufunika pua, inasukuma hewa ili koo lisijifunge. Asubuhi ya kwanza niliamka nikadhani nimekufa, maana kichwa hakikuniuma. Nikaenda dukani, nikafungua droo ya nyuzi, na nikaona kwamba uzi ule ambao miaka yote nimekuwa nikiuita wa buluu si mmoja, ni tisa, buluu tisa tofauti zimepangwa pale kwa mstari, nikamwuliza Mama Vifungo hizi zimeletwa lini, akanitazama kwa huruma akasema, "Zipo tangu tuhamie hapa, Jenereta." Nilikaa chini, mshauri. Nimekuwa nikisimulia watu habari ya zile nyuzi na wengi wananiona nimerukwa na akili kidogo, lakini mtu aliyekuwa haoni buluu nane akiziona hawezi kurudi kuwa kama alivyokuwa.

Daktari aliniambia pia nipunguze uzito, jambo ambalo nimeambiwa tangu ujana wangu na kila mara nilikubali kwa moyo wote na mdomo uliojaa, ila safari hii mwili ulikuwa na nguvu za kutii, nikaanza kwenda kazini kwa miguu, nikaacha sukari kwenye chai, nikaacha ile sahani ya pili ya jioni ambayo nilikuwa naila nikiwa nimesimama jikoni ili isihesabike, na kwa miezi kumi nimepungua kilo ishirini na moja. Nimezibana suruali zangu mwenyewe mara nne. Shingo sasa ni sentimita arobaini na mbili. Namwona mtu kwenye kioo cha dukani nataka kumkaribisha, kumbe ni mimi.

Sasa shida iko hapa. Kadiri nilivyopungua, na uso umepungua, barakoa ikaanza kuvuja, inapuliza machoni, inapiga mluzi, nikaukunja mkanda wake nikaushona uwe mfupi, baada ya mwezi nikaushona tena, bado inapiga mluzi, nikaona kwamba mashine yenyewe inaniambia kazi yetu imekwisha. Na baada ya wiki tatu binti yetu anaolewa, tunasafiri kwenda kwa wakwe, mwendo wa siku nzima kwa gari, dereva ni mimi, tutakaa siku tatu, na sisi wanaume wa upande wa bibi harusi tumepangiwa chumba kimoja chenye vitanda sita, mimi na mashemeji zangu, na shemeji mkubwa ameshaanza, ameiona mashine akaniuliza, "Shemeji, unakwenda harusini au unakwenda kuzamia baharini?" Hebu nifikirie mimi, baba wa bibi harusi, mtu niliyemwambia bwana harusi aliponitumia vipimo vyake kwa simu kwamba mimi sishoni nguo ya simu, aje asimame mbele yangu nimpime, leo aje asubuhi kunisalimu anikute na bomba usoni kama tembo. Nikamwambia mke wangu mashine inabaki nyumbani. Akasema, "Ikibaki, nami nabaki." Nikamwuliza kama kweli atakosa harusi ya mtoto aliyemzaa. Akasema, "Nitaangalia picha." Na mke wangu si mtu wa kutisha watu, akisema nabaki, ujue ameshabaki.

Na nikuambie kitu ambacho yeye hajui. Siku tisa zilizopita nimekuwa nikiivaa mashine mpaka alale, kisha naivua naizima. Siku hizi analala kama gogo, hasikii kitu, na hata mateke yameisha, nadhani hatimaye amenisamehe kukoroma. Na nimeamka siku zote tisa, niko hai, kichwa kinauma kidogo asubuhi lakini hayo ni mawazo ya maandalizi. Jana nilikuwa nakata koti langu la harusi, la kijivu, Mama Vifungo akainua vipande akavigeuza akasema, "Fundi, hii mikono yote ni ya kushoto," tukacheka, furaha ya harusi hiyo. Kwa hiyo naomba tu uniandikie kwamba mtu aliyepungua kilo ishirini na moja anaweza kuiacha mashine, ili nimsomee.

Ni mimi, Jenereta Lililopoa.

JIBU

Fundi, pole, na hongera. Kilo ishirini na moja si maneno ya kupita juu juu. Mimi nimewahi kushauri watu kupunguza uzito katika ukurasa huu mara nne, kwa ufasaha mkubwa, huku mkanda wangu ukiwa kwenye tundu la mwisho. Habari ya buluu tisa nimeisoma mara mbili, nikainuka nikaenda kuzitazama nguo zangu kabatini. Kwa hiyo nakuheshimu. Sasa kaa chini nikugombeze.

Umenipa barua ndefu ukitaka niseme umepona, na wewe mwenyewe umeandika humo kwamba hujapona. Kichwa kinakuuma asubuhi, kile kile kilichoacha kuuma siku ya kwanza ya mashine. Na umekata mikono miwili ya kushoto. Umekata makoti maisha yako yote, fundi. Harusi haimfanyi mtu asahau kwamba ana mkono wa kulia. Mama Vifungo amekuonyesha majibu ya kipimo, na ninyi mkacheka.

Nilimpigia simu daktari mmoja anayetibu watu wenye shida yako. Akasema kupungua uzito kunasaidia sana, na wapo wanaopungua hadi hawahitaji mashine tena. Nilitaka kukufurahia. Akaendelea: lakini hilo mtu halijui kwa kioo, wala kwa shingo, wala kwa kuamka akiwa hai. Linajulikana kwa kupimwa tena usingizini. Futi yako inazunguka shingo kwa nje, na njia ya hewa iko ndani. Nilipomsimulia kuhusu ule mkanda ulioushona aliuliza kwanza kama ulishona kwa mkono au kwa cherehani. Akasema mluzi ule haumaanishi kwamba mashine imemaliza kazi. Maana yake uso wako umebadilika, barakoa ni kubwa, na hata msukumo wa hewa huenda unahitaji kurekebishwa. Kuubana mkanda kutakupa vidonda vya pua tu.

Bwana harusi alikutumia vipimo kwa simu ukamkatalia, na ulikuwa sahihi. Wewe umenitumia vyako kwa barua. Nami sishoni nguo ya barua. Nenda ukasimame mbele ya wanaopima.

Ningeishia hapo, na mngebaki mnabishana. Lakini siku ile ile barua yako ilipofika, ilifika bahasha nyingine, mwandiko mwingine, stempu ile ile. Inatoka kwa mtu unayemwita beki. Ameruhusu nichapishe, anasema akikuambia yeye utasema anazidisha chumvi, ukisoma gazetini utaamini. Haya, soma.

"Mshauri, mume wangu amesema amekuandikia kunishtaki. Sitaki unitetee. Nataka ujue jambo moja ambalo sijawahi kumwambia kwa sababu kila nikitaka anafanya mzaha. Mimi sikumpiga mateke kwa sababu ya kukoroma. Kule kukoroma nilikupenda, akikoroma nilijua yupo. Alikuwa ananyamaza. Akinyamaza nilikuwa naweka mkono ubavuni kwake nahesabu, moja, mbili, tatu, nikifika ishirini nampiga teke ndipo anavuta pumzi. Siku moja nilifika thelathini na nne kwa sababu mguu ulikuwa umekufa ganzi. Nimehesabu hivyo miaka kumi na moja. Ilipokuja mashine nililala siku mbili mfululizo, dada yangu akadhani naumwa. Kule kwa wakwe mimi nitalala na wanawake. Chumba cha wanaume nani atahesabu? Shemeji yake? Na jambo la pili, ambalo naona aibu kulisema, tangu wiki iliyopita naamka asubuhi nimeweka mkono ubavuni kwake na midomo yangu inahesabu. Mashine ipo, kila kitu kipo. Sijui kwa nini nimeanza tena."

Fundi, niliiweka ile karatasi juu ya meza, kisha nikaichukua nikaisoma upya. Nimepokea barua za ndoa miaka mingi. Nimeandikiwa habari za mapenzi ya kila aina, mengine kwa wino wa rangi. Sijawahi kuandikiwa habari ya mtu aliyelinda pumzi ya mwenzake kwa kisigino kwa miaka kumi na moja, akaitwa beki, akanyamaza.

Sasa ushauri, na hauna mjadala. Leo ulale na mashine, hata kama inapiga mluzi. Ni heri mluzi kuliko kimya. Kesho usifungue duka, nenda kliniki na mashine yako, barakoa yako na ule mshono wako, wakuone, wakucheke, wakupe barakoa ya uso ulio nao sasa. Uombe upimwe upya, na usiivue mpaka wao waseme. Mpaka hapo gari liendeshwe na mtu mwingine, ukiwemo mwendo wa kwenda kwa wakwe. Kutembea kwa miguu uendelee nako. Sahani ya jikoni ibaki ilipoachwa.

Mpigie mkwe mwenzako simu mapema, umwombe kitanda kilicho karibu na soketi. Usieleze sana, sema ni ya mashine ya matibabu, atakupa na atakuongezea mto. Kisha ushone mfuko wa mashine kwa kile kitambaa cha kijivu kilichobaki, uwe na bitana nzuri, na mmojawapo wa ile mikono ya kushoto utatosha kufunika bomba. Shemeji mkubwa akikuuliza habari za kuzamia, mwambie ndiyo, na kwamba safari hii unakusudia kuibuka. Nitashangaa kama asubuhi ya pili hatakuita pembeni akuulize kwa sauti ya chini hiyo kliniki iko wapi, maana watu wanaocheka bomba la mwenzao mara nyingi wake zao wana visigino vilivyochoka.

Limebaki moja. Mkeo hajui kwa nini ameanza kuhesabu tena. Mimi najua, na wewe sasa unajua. Siku tisa umevua mashine kimya kimya, ukasema analala kama gogo hasikii kitu, na mkono wake ukasikia.

Ananiambia ukurasa huu huwa anausoma yeye kwanza, wewe unaanza na michezo. Kwa hiyo kama kwa bahati leo umetangulia, liweke gazeti chini uende ukamwambie kabla hajalishika. Na kama ametangulia yeye, basi kaa hapo hapo ulipo, fundi. Anakuja.