Panzi na Kitambi

Jumatatu, 3 Mei
Grisi, plagi, maji ya betri. Kama kila asubuhi. Panzi kawaka mara moja. Viti viwili, hana paa, injini ndogo, mwili mwepesi. Fremu nimechomelea mimi, injini kafunga mume wangu Shabani. Morogoro nzima hakuna kigari kama hiki, na sioni haya kusema.

Mchana kaja Bwana Temu, mfanyabiashara wa Dar. Kamwendesha Panzi, kafurahi kama mtoto. Anataka vigari vitatu kama hiki. Lakini vifungwe injini kubwa za Kijapani, zile za mitumba zinazoshuka bandarini siku hizi za kila kitu ruksa, na bei iwe mara mbili. Ati cha bei ndogo na injini ndogo, matajiri wenzake watamcheka. Shabani macho yakamng'aa. Oda hiyo ingetuezekea karakana yote. Mimi nimekasirika. Panzi ukimtia uzito si Panzi tena.

Jumatano, 5 Mei
Shabani kafunga injini kubwa kwenye kigari chetu cha pili, pacha wa Panzi. Hakuniuliza. Pua ikainama, ikabidi aongeze vyuma mbele, kisha breki kubwa, kisha magurudumu mapana. Nimelibatiza Kitambi. Kanuna.

Jioni tumeshindana barabara ya Mikese. Lami, tambarare. Kitambi kanipita kama nimesimama. Moshi nimekula mimi. Roho imeniuma sana. Na mlio wake mtamu, sitaandika uongo humu. Shabani kanitania mpaka mezani: "Pole, fundi." Nimemnyima ukoko.

Ijumaa, 7 Mei
Nimesema mwenyewe, mbele ya Temu: Jumapili tupande mlima hadi Mgeta kutoka Mlali. Kitambi akitangulia kufika sokoni, vyote vitatu vifungwe injini kubwa, na mimi nitachomelea kimya. Nikitangulia mimi, hakuna kigari kitakachotoka kwetu na injini kubwa, na bei ni ile ile ndogo. Temu kacheka. Atapanda Kitambi na Shabani.

Mdomo wangu huu!

Jumapili, 9 Mei
Mvua ilinyesha usiku kucha. Kwenye tambarare Kitambi kaniacha mbali. Kona zilipoanza nikamfikia. Kila akikata kona, pua inataka kwenda bondeni, Shabani anakanyaga breki. Njia nyembamba, sina pa kupita. Nimepiga honi, nimetukana peke yangu.

Mbele, udongo umeporomoka. Lori la kabichi limenasa, njia imebaki nusu, nayo tope tupu. Kitambi akajaribu kupita. Akazama mpaka tumboni.

Akina mama wa Kiluguru walikuwa wanateremka na vikapu vya njegere kichwani. Nikashuka, nikamwamkia mkubwa wao, shikamoo bibi, nikaomba msaada. Akamzunguka Panzi, akamjaribu kwa mkono mmoja.

"Haka? Mbona kepesi! Tukabebe."

Wakatua vikapu. Wakamnyanyua Panzi wangu, wakamvusha, wakamweka chini taratibu kama trei ya mayai. Shabani akaomba na yeye abebewe gari lake. Bibi akamtazama Kitambi.

"Hilo ni ng'ombe. Livuteni wenyewe."

Nimefika sokoni peke yangu. Nimelia kwa furaha mbele za watu, na sijali. Kazi ya mikono yangu ile!

Jumatatu, 10 Mei
Temu kaondoka asubuhi, viatu bado vina tope. Anasema yale yalikuwa matope, si mashindano. Vitatu havitaki tena. Kaagiza kimoja, injini ndogo, bei ile ile. Atakiendesha mwenyewe, wenzake wacheke wakitaka. Paa la karakana litasubiri.

Shabani kaing'oa injini kubwa. Vyuma vya ziada nimevikata mimi. Halafu akashika fremu ya Kitambi upande mmoja, akanitazama. Nikashika upande wa pili. Tumeibeba mpaka uani, hatukumwita mtu.