Dada Mwanasha na Uso wa Kucheka

Jumatano

Huna adabu, ati. Naambiwa mimi, ninayemtilia bando dada Mwanasha na kumfungulia ile programu ya kutuliza moyo aliyopewa na hospitali. Saratani ya titi ilitoka, huzuni ikabaki.

Kila asubuhi anavuta pumzi kama alivyoelekezwa, kisha simu inamuuliza, "Hali yako leo?" Naye hubonyeza uso wa kucheka. Juzi nilimuuliza kwa nini.

"Mtu akikujulia hali, utamjibu vibaya?"

Ana miaka thelathini na moja, kasoma kunishinda, na anaionea simu haya!

Leo mchana nesi akapiga. "Hongera, majibu yako yote ya kila asubuhi kwenye simu ni mazuri. Sasa tutakufungia programu."

"Alhamdulillah," akajibu dada.

Nikampokonya simu. "Nesi, huyu mwongo! Harusini haendi tena, na akiingia kuoga analia mpaka nabisha mlango."

Nesi akaniambia nimrudishie. Wakazungumza mpaka wali ukapoa. Programu haikufungwa.

Dada akaniambia sina adabu, na tangu hapo hanisemeshi. Wacha anune. Nesi atapiga tena kesho saa nne, na simu nishaitia chaji.