Mkono wa Kushoto wa Falk

Lindenbrück, Saksonia
Jumamosi, 7 Februari 1998
Asubuhi ukungu mzito, nyuzi nne chini ya sifuri, chumvi imemwagwa barabarani.

Mpendwa dada Roswitha,

Pokea salamu zetu sote. Habari za huko Adelaide, Australia? Goti la shemeji linaendeleaje baada ya upasuaji? Nyinyi mnalalamikia joto, na sisi kila asubuhi tunakwangua barafu kwenye vioo vya gari. Sisi ni wazima. Mama anakohoa kidogo lakini anakula vizuri, na Jumapili alitushinda wote karata, tena kwa kuiba waziwazi. Jochen amehamishiwa zamu ya mchana kiwandani, kwa hiyo siku hizi mume wangu namwona akiwa macho.

Uliniuliza habari za Franka kwenye kadi ya Krismasi, nami nikakawia kujibu. Sikuwa na habari ya kupendeza, na hata leo sina. Ya leo ndiyo yamenikalisha niandike.

Unajua ameteleza kwenye barafu na Falk Uhlig tangu akiwa na miaka minane. Uliwaona ulipokuja, ukasema wanafanana na wale wanasesere wa juu ya keki. Mwaka jana walikuwa wa tatu katika mashindano ya vijana ya taifa, Franka amevaa lile gauni nililoshona kwa kitambaa chako cha buluu. Kisha akarefuka. Hana kosa jingine. Katika kuteleza wawili wawili, mvulana humnyanyua msichana juu ya kichwa chake, na akishindwa, anayelaumiwa ni yule aliyekua.

Tangu Novemba Kocha Börner akawa anampima urefu mbele ya wenzake, kwenye fremu ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Siku moja niliwakuta. Mkono mmoja ameshika mkate wa soseji, na kidole gumba cha mkono wa pili kimemkandamiza mwanangu utosini.

“Bi Seidel,” akaniambia huku anatafuna, “huyu unamlisha nini, mbolea?”

Wote wakacheka. Alipoondoa kidole, haradali ilibaki kwenye nywele za Franka. Niliifuta kwa leso yangu, na leso yenyewe nikaitupa.

Mwezi uliopita, bila kutuambia lolote, wakaita wasichana wa kujaribiwa. Tulifika mazoezini kama kawaida, tukawakuta wamejipanga kando ya barafu. Falk anawanyanyua mmoja mmoja, kama mtu anayechagua sanduku la safari dukani. Mama yake, Bi Uhlig, ameegemea ubao wa uwanja, anapaza sauti: “Huyo mwepesi! Mgeuze, mwanangu, tumwone mgongo!” Franka alisimama na viatu vyake mkononi, akatazama mpaka mwisho.

Wakamchagua Wencke, mtoto wa miaka kumi na minne kutoka Rostock, mdogo kama shomoro, mwenye adabu nyingi. Ndipo kocha akamwita Franka, wala si kumuaga. Alimtaka amfundishe Wencke mchezo wao mzima, hatua kwa hatua, kwa sababu hakuna mwingine anayeujua.

“Ukimfundisha vizuri,” akamwambia, “nitakutafutia mwenzako Berlin. Namjua mmoja, mrefu kama mlingoti.”

Nilimwambia akatae. Akanijibu, “Nikikataa, mama, nitateleza na nani? Na wewe?” Msichana wa mchezo huu asipopata mwenzake hana mchezo, na wavulana hawapatikani ovyo. Basi akafundisha. Kila siku alirudi nyumbani, akala, akafanya kazi za shule, hakulalamika hata mara moja.

Jana Bi Uhlig akanipigia simu kutaka na gauni pia. “Litapunguzwa kifuani na kiunoni tu, Bi Seidel. Ni kazi ya jioni moja, na wewe una mkono mzuri.” Yaani nilishone upya mimi mwenyewe! Na nililibeba, dada. Leo uwanjani lilikuwa mapajani mwangu, ndani ya mfuko, nimpimie Wencke, kwa ajili ya ile ahadi ya mlingoti wa Berlin.

Mama yake Wencke alikaa karibu nami akifuma sweta, akanimiminia chai ya chupa. Mwanamke mwema. Aliniambia Franka ana moyo mzuri sana kumsaidia binti yake. Niliitikia kwa kichwa.

Wale wawili walipofika karibu na mwisho wa muziki, pale Falk anapomnyanyua msichana kwa mara ya mwisho, Franka aliinua mkono muziki uzimwe.

“Wencke, sikiliza,” akasema. “Hapa atakuwa amechoka. Akianza kukushusha, mkono wake wa kushoto unaachia mapema. Usingoje akushike. Kamata bega lake, hivi, kwa nguvu.”

“Franka!” Kocha akafoka. “Nimekuambia umfundishe hatua, si hadithi.”

“Hii ndiyo hatua,” Franka akamjibu. Akainua kidevu, akamwonyesha Wencke lile kovu. “Mimi niliijua baada ya hili.”

Unakumbuka nilikuandikia habari za zile nyuzi alizoshonwa kidevuni? Tuliambiwa alijikwaa mwenyewe. Kumbe, kama alivyonieleza leo, Falk alimwangusha kichwa mbele, na kocha na Bi Uhlig wakamsihi mtoto anyamaze kwa sababu wateuzi wa timu ya taifa walikuwa wanakuja wiki ile. Siku ileile Bi Uhlig alituletea keki ya cheri. Tuliila, dada, na nikamwandikia kadi ya shukrani.

Mama yake Wencke aliweka sweta chini, akashuka hadi ubaoni. “Ni kweli, kijana?”

Falk akatazama viatu vyake. “Nikichoka tu,” akasema.

Nikichoka tu! Kijana wa miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo mwanangu amejishikiza begani kwake kama mtu aliyening'inia kwenye tawi, naye anajua.

“Wote huanguka,” Bi Uhlig akadakia. “Anayetaka usalama akacheze chesi!”

“Wencke, mwanangu,” mama yule akasema, “vua viatu.” Waliondoka na treni ya mchana.

Kocha alimsubiri Franka mlangoni pa barafu. “Berlin usahau,” akamwambia. “Na Jumatatu usije.” Kisha akageuka kumuuliza Bi Uhlig wale wasichana wengine wanapatikana kwa simu ipi. Mbele yetu. Hata dakika ya aibu hakujipa.

Kwenye gari, tulipofika darajani, Franka akasema anataka kwenda kwa mama mkubwa, mahali ambapo barafu iko kwenye glasi tu. Alikuwa anatania, lakini mimi nakuuliza kwa dhati: mtaweza kumpokea likizo ya Julai? Hasumbui, na vyombo anaosha bila kuambiwa.

Jioni hii Bi Uhlig amepiga tena simu. Si kuomba radhi. Ameuliza kama gauni naweza kulileta Jumatatu. Nimemwambia nimelikatakata liwe matambara ya kupangusia gari. Ni uongo, liko kabatini, lakini kile kimya chake kwenye simu kilinitibu kuliko dawa. Kisha nikaenda kunawa mikono kwa sabuni, kana kwamba nimemgusa.

Nisalimie shemeji na goti lake, na uwabusu mwanao Kirsty na mtoto wake mchanga kwa niaba yetu. Mama anakusalimu, anasema uache kutuma picha za bahari na utume za kwako. Jochen pia anakusalimu. Mungu awalinde na awaweke mahali penye watu wenye haya.

Mdogo wako, asiyepungukiwa na mapenzi kwako,
Heidrun

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Kabla ya kupanda kitandani Franka alikaa jikoni akavifuta vyuma vya viatu vyake kwa taulo, cha kulia na cha kushoto, visishike kutu, kama kila siku. Amelala saa sita na dakika kumi usiku.