Makofi ya Nakivubo

Dada Mwanaidi, shikamoo, na nyote hapo Majengo nawasalimu.

Jana alasiri mwenyeji wangu Juma alinipeleka uwanja wa Nakivubo, huku nchi jirani, kwenye tamasha kubwa la muziki. Ile bendi ya roki tunayoisikiliza kwenye redio yako mpaka betri zinakwisha, ndiyo iliyofunga shughuli. Magitaa yalipoanza kulia, vijana wakapagawa, wanaruka, wanalia, viatu vinarushwa juu. Nami nikapanda juu ya benchi, nikapiga kelele, "Haya, tupeni raha!"

Basi dada, watu wa benchi letu wakanyamaza ghafla. Nikadhani wamechoka. Nikawauliza kwa utani, "Mbona mmenuna, hamuipendi bendi?" Hapo wakaanza kupiga makofi kama walioamrishwa, macho kwangu, si jukwaani. Bwana mmoja akanisogezea njugu zake zote. "Afande, sisi napenda. Napenda sana."

Afande! Mimi?

Juma akanivuta shati. "Punguza Kiswahili chako. Hapa hicho ni cha wanajeshi, na watu wanawaogopa."

Mpaka sasa sijaelewa. Kiswahili hiki hiki tunachobembelezea watoto? Nikataka kuwatoa hofu, niwaambie mimi ni fundi cherehani tu kutoka Mombasa, wacheze wapendavyo. Nikashuka tu benchini. Ningewaambia kwa lugha gani?

Nibusie wapwa zangu. Na nikirudi, dada, nisemeshe sana.

Mdogo wako, Athumani