Nanga Ipi, Kitindamimba?

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya baiskeli.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Hujambo, mdogo wangu? Kifua kimepoa, au bado unakohoa kama pikipiki inayogoma kuwaka? Sisi hatujambo. Wifi yako goti limepona, ameanza tena kunikimbiza. Mimi tumbo linazidi kunitangulia. Fundi cherehani mzima, koti langu mwenyewe halifungiki!

Sasa, ule ujumbe wako wa sauti. Ulisema, "Kaka, mwambie Baba mimi nimeshatia nanga huku." Nikaelewa kama angeelewa msikilizaji yeyote wa redio: umefika, umetulia, kurudi ni likizo tu. Habari nzito huwa nazikwepa, unanijua, basi nikamwekea Baba simu sikioni akusikie mwenyewe.

Akacheka, akajipiga paja. "Anakuja huyo!"

"Baba, kasema ametia nanga."

"Ndiyo! Wewe na cherehani yako utayajulia wapi? Meli iliyofika inafungwa kamba gatini. Inayotia nanga iko nje, inangoja kuitwa iingie."

Umri wake wote wa kazi ameumaliza kwenye tagi, akivuta meli kuziingiza bandarini. Kwake neno hilo halina maana ya pili. Nilitaka kumweleza kwamba siku hizi watu wanatia nanga hata kwenye ndoa, na kwamba mkutano nao hung'oa nanga bila mtu kuinuka kitini. Nikautazama uso wake, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Tangu hapo hashikiki. Mafurushi yangu ya vitambaa kayatoa chumbani kwako, sasa nalala nayo miguuni. Kapaka ukuta rangi. Lile dirisha lililokwama kalifungua kwa nyundo. Jana nilimkuta amekaa humo peke yake, mlango wazi, kama karani wa mapokezi.

Nimewaza sana, dada. Mimi niliogopa utabaki, nikasikia umebaki. Yeye anataka uje, akasikia unakuja. Nani kati yetu amekusikia wewe, sijui. Pengine hata wewe, ulipokuwa unasema, hukuwa umeamua.

Kama umefika, umefika. Hakuna wa kukulaumu hapa. Ila mpigie Baba wewe mwenyewe, na umwambie kwa maneno ya nchi kavu. Mimi kila nikifungua mdomo, namuuliza kama amekunywa chai.

Wifi yako anakusalimu sana, na Shangazi Mcheshi, na wale mapacha wanaodai umewasahau. Mungu akutunze, akupe usingizi mwema na watu wema.

Baba amepita hapa sasa hivi, kauliza naandika nini. Nimemwambia nakusalimia tu. Kasema nikwambie godoro amelianika.

Akupendaye ukija, na usipokuja,
Kaka yako