Behewa 10,001

Mjukuu wangu Mutheu,

Salamu zikufikie huko bwenini Eldoret. Sisi hapa mtaani Tena tuko salama. Mdogo wako ameng'oka jino la mbele, na Jumapili tulikwenda Machakos kupalilia kaburi la nyanyako.

Unauliza utajuaje kama namba kubwa haigawanyiki. Hilo nilifunzwa na yeye, kabla hajawa nyanya wa mtu. Tulikuwa vijana wa kota za reli pale Muthurwa, na mchezo wetu wa jioni ulikuwa kugawanya namba zilizoandikwa ubavuni mwa mabehewa. Siku moja likapita la 10,001. Nikajaribu tatu, saba, kumi na moja, hadi arobaini na saba, nikasema hii haigawanyiki.

"Mbona unaachia njiani?" nyanyako akasema, huku anaanika nguo. "Fika mia kwanza. Kigawo kikubwa hakikosi mwenzake mdogo, na huyo mdogo hapiti mia, maana mia mara mia tayari ni elfu kumi."

Akaendelea palepale kwenye kamba, akapata sabini na tatu mara mia moja thelathini na saba. Tangu hapo tukagawana kazi maisha yote: mimi naanza, yeye anamalizia.

Juzi nilisimama karibu na reli Makadara, likapita behewa 10,007. Nikafika arobaini na saba, nikageuka kumwachia zamu. Aliyekuwa nyuma yangu ni mama muuza mahindi, akaniuliza nataka mangapi.

Inayofuata ni hamsini na tatu, Mutheu. Anzia hapo.

Babu yako,
Mutua