Mfereji Unaovuja Kila Alhamisi

Jumatano, 3 Septemba 2025

Mfereji wangu wa jikoni hauna kasoro yoyote. Mimi ndiye ninayeuharibu. Nimelificha jambo hili tangu Aprili, na leo naliandika kwa kuwa daktari ameniambia wazi kwamba moyo umechoka. Sitaki kuondoka nalo.

Ni kazi ndogo. Kila Jumatano baada ya alasiri nafunga maji, nalegeza kichwa cha mfereji kwa spana, natoa kile kipande cha mpira cha ndani, nakikata kwa wembe, nakirudisha. Ikifika jioni unadondosha maji. Alhamisi Rai anakuja.

Rai ndiye fundi wa nyumba hizi za kaunti. Kwetu Msambweni ana siku moja tu kwa juma, nyingine yuko Ukunda na kwingineko. Kwa hiyo siku ile inagombewa.

Leo spana imeniponyoka, ikaangukia kidole cha mguu. Nimecheka peke yangu. Kisha nimenyamaza — kicheko cha mtu mmoja jikoni kina sauti mbaya.

Alhamisi, 4 Septemba

Amekuja. "Shikamoo, Mwalimu. Umelalaje?" Hilo la pili huliuliza kama mtu anayetaka jibu. Nikamwambia nimelala vibaya, kifua kimebana. Akauliza nimekula nini, akafunua sufuria mwenyewe kuhakikisha!

Mfereji aliumaliza mara moja. Chai ndiyo iliyomchukua. Akanisimulia mbuzi wake aliyetafuna sketi ya shule ya bintiye, na mwalimu mkuu asivyoamini. "Mwalimu, nimpeleke mbuzi mwenyewe ofisini akatoe ushahidi?" Nilicheka mpaka nikakohoa, akanishika mgongo.

Kisha pikipiki ikanguruma, ikaenda.

Nimejiambia tangu Aprili kwamba naijaribu huduma. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya wapangaji. Nitajuaje fundi anachelewa au hachelewi nisipomwita? Ni hoja nzuri. Ningeisoma katika insha ya mwanafunzi, ningempa alama.

Jumamosi, 6 Septemba

Mtaa mtupu. Wote wamekwenda kwenye Maulidi. Nilisikia dufu kwa mbali, nikafuata kasida kwa midomo mpaka upepo ukageuka.

Maimuna amepiga simu kutoka Likoni. Baba, dawa umemeza? Baba, njoo ukae kwangu, chumba kipo. Nikamjibu kwamba nina kamati. Ni kweli! Akasema haya, mgeni amebisha, tutaongea.

Hiyo ilikuwa asubuhi. Sijasema neno jingine tangu hapo.

Jumatatu, 8 Septemba

Ukaguzi. Nina mengi ya kuandika.

Tangu mwaka jana ofisi ya nyumba imetuachia wapangaji tukague wenyewe kazi inayofanywa. Kamati inapita mlango kwa mlango, inatazama kilichotengenezwa na kilichoachwa, inapanga nani atangulie, inapeleka maoni. Na maoni yetu yanasikilizwa. Yule mkandarasi aliyetupaka rangi ya maji matupu hakurudi tena. Watu walitembea vifua mbele siku ile!

Twaiba ndiye katibu. Anauza leso Ukunda, ni jirani yangu wa ukuta mmoja, na hapitwi na kitu. Anaingia mpaka chooni, anavuta mnyororo, anasikiliza. Leo Kache alianza kulalamika juu ya dirisha lake. Twaiba akamkata: "Wewe Kache nyamaza, choo chako kilizibuliwa juzi na sote tulikipongeza." Watu wakavunjika mbavu.

Kila nyumba inaingiwa, isipokuwa yangu. Kwangu wanasimama barazani. Shikamoo, Mwalimu, kwako vipi? Nasema mfereji. Basi. Nani atamwambia mzee mgane afungue jikoni watu wachungulie? Wengine niliwafundisha, na baba zao niliwafundisha. Na kwenye foleni pia: mzee aanze. Hakuna anayebisha. Rai huanza kwangu, na akitoka kwangu asubuhi imekwisha.

Jiko la Twaiba niliingia nao. Mchwa wamekula mbao za paa. Ameegemeza boriti katikati kuzuia lisianguke, na watoto wanaizunguka wakienda kuchota maji. Amemngoja fundi tangu kabla ya Ramadhani. Sikuweza kuitazama ile boriti. Nikatazama sufuria zake.

Tukitoka, akasema mbele ya wote: "Mimi nimechoka na Rai. Mfereji mmoja, wa Mwalimu wetu, kila Alhamisi, na kila Alhamisi unavuja. Ama hajui kazi ama anatafuta mahali pa kupumzika. Anamfanyia mzee mchezo."

Nilipaswa kusema pale pale. Nikasema jua kali, nikaingia ndani.

Alhamisi, 11 Septemba

Jana nimeshindwa. Nati haikusogea. Nilijaribu kwa mikono miwili, nikaona giza, nikakaa sakafuni mpaka likaondoka. Mfereji ukabaki mzima.

Sikuwa na namna ya kumzuia Rai. Amekuja, amefungua maji, amefunga. Hata tone. Amefungua tena, amefunga. Nilikuwa nimesimama mlangoni na fimbo yangu kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Akatoa spana, akafungua kichwa cha mfereji, akakitazama kipande cha mpira kisicho na mkato, akakirudisha. "Tayari, Mwalimu." Akaweka birika mwenyewe.

Anajua. Tena hakuanza kujua leo. Ile mikato ya wembe imenyooka mno, na fundi ana macho. Ameketi nami wakati wote huu akijua.

Nikamwambia kamati inamsema vibaya. Akasema amesikia. Akauliza sukari iko wapi.

Jumapili, 14 Septemba

Wamekutana barazani kwangu, kama kawaida. Rai ameitwa. Alikaa kwenye ngazi, kofia mkononi, ingawa viti vilikuwapo.

Twaiba alimuuliza kwa adabu, lazima niseme hivyo. Eleza, ndugu yetu, mfereji wa Mwalimu una nini usichoweza kukitibu? Sisi wengine tunangoja.

Rai alinitazama mara moja tu. Halafu akatazama chini. "Huenda mkono wangu si mzuri, mama."

Kache akasema, "Mkono si mzuri na unakuja nao?" Wakacheka. Yeye pia akatabasamu kidogo, kama mtu anayetaka wengine wasione vibaya.

Miaka thelathini na tano nimesimama mbele ya watu nikisema, na leo ulimi ulikaa kama jiwe. Walidhani nimekasirika. Mmoja akaniambia pole, Mwalimu, umevumilia sana.

Wameazimia kumwambia mkubwa wa ofisi alete fundi mwingine. Na kamati ikisema hivyo, Rai ameondoka. Ana mke, ana watoto, ana yule mbuzi. Kinachosubiriwa ni sahihi ya mwenyekiti. Twaiba ataileta kesho karatasi.

Aliposimama kuondoka, Rai alikuja kunipa mkono. "Alhamisi, inshallah." Kwa sauti ndogo, asisikike.

Jumatatu, 15 Septemba

Twaiba yuko jikoni kwangu sasa hivi. Amekataa nisimame. Anatengeneza chai na mimi naandika upesi.

Alikuja na karatasi. Nikamwambia sitii sahihi. Akadhani ni huruma. "Mwalimu, huruma yako ndiyo inayowapa vichwa." Nikamwambia Rai hana kosa. Mfereji nauharibu mimi, kwa wembe.

Alicheka kwanza. Kisha akaniona sicheki.

"Wewe?"

"Mimi."

Akatazama ukuta, ule ambao upande wa pili kuna boriti yake. Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Akasema taratibu, "Wanangu wanapita chini ya lile paa, Mwalimu." Nikasema najua. "Kwa nini, lakini?" Nikampa ile hoja ya kuijaribu huduma. Akatikisa kichwa. "Hilo wape ofisini. Mimi niambie kweli. Na kama huniambii, nitampigia Maimuna aje anieleze yeye." Akachukua birika, akaingia jikoni.

Nitamwambiaje? Maimuna akijua, kesho nimefungiwa virago, nyumba imerudishwa, na kitanda alichofia mamake kimeuzwa. Hilo ningelivumilia. Lakini nikimwambia Twaiba, nitakuwa namshtaki yeye, na Kache, na kila aliyepita akaniamkia kupitia dirishani bila kusimama. Wao ambao hawajanikosea heshima hata siku moja.

Nasikia vikombe. Anafungua mfereji, anaufunga. Anaufungua tena.

Basi niandike, nione kama maneno yanatoka.

Aprili, siku ya Jumanne, niliteleza bafuni. Mguu haukuninyanyua. Nilisikia adhana ya adhuhuri, nikasikia zote zilizofuata. Nilisikia Twaiba akiwaita watoto wake kula, upande wa pili wa ukuta, karibu kiasi kwamba ningeweza kumwomba chumvi. Niliita mpaka sauti ikakauka. Jumatano ikaja, ikapita.

Mfereji siku zile ulikuwa umeharibika kweli. Rai alikuja kuutengeneza. Alibisha, hakujibiwa, akasukuma mlango. Aliniosha, akanivisha, akanilisha uji kwa kijiko. Nikamwapisha asimwambie mtu, akaapa. Hata jana, mbele yao, hakukivunja kiapo.

Twaiba anakuja na sinia. Ameketi. Anangoja.

Namwambia: nilianguka Jumanne, nikaokotwa Alhamisi. Katikati hapakuwa na aliyebisha hodi.